Joto Ndani ya Nyiramatama

Sehemu ya tisa

“Mama.”

Neno hilo ndilo tuliloachana nalo Jumamosi iliyopita, na najua baadhi yenu mmelala nalo wiki nzima. Lilitoka kwenye mstari wa tatu wa watoto waliokaa sakafuni, katika ukumbi wa shule moja ya Remera, Kigali. Aliyelisema ni Keza, msichana wa miaka sita, soksi moja juu, nyingine imeshuka.

Nyuma ya pazia jekundu, mkono wa Yasmina uliganda. Juu ya mkono huo alikuwa Nyiramatama, kikaragosi cha bibi kizee mwenye mashavu kama mandazi, mdomo wazi, neno limekwama njiani.

Aliyechelewa kutufuata aelewe hivi. Sauti ya Nyiramatama, ambayo sasa anaiiga Yasmina, ni ya rafiki yake Gahongayire, mama yake Keza. Gahongayire alifariki mwezi uliopita. Kanombe anakoishi mumewe wanajua, Gikondo alikofanya kazi wanajua. Keza hajui. Baba yake, Manzi, alimwambia mama amekwenda Tanzania kununua vitambaa vya kuwavika vikaragosi. Siku ya mazishi mtoto alipelekwa kwa jirani kutazama katuni.

Na sasa amemsikia mama yake nyuma ya pazia.

“Endelea,” Keith alimnong'oneza Yasmina. Keith ni mpiga ngoma wa kikundi, kijana aliyekulia Kampala, mikono mirefu, maneno mengi. “Mama Twahiru, endelea. Ukumbi mzima unatutazama.”

“Mtoto wa Gahongayire yuko huko mbele.”

“Haiwezekani. Yeye anasoma Kanombe.”

“Basi Kanombe imealikwa Remera. Naijua sauti ile tangu ilipokuwa inalilia ziwa la mama.”

“Banange, jamani,” Keith akasema.

Yasmina alifanya kile alichofundishwa. Alimeza pumzi, akakohoa kidogo, akafungua mdomo wa Nyiramatama.

“Nani amekula muhogo wangu?”

“Si mimi,” watoto wakajibu kwa pamoja, paa likatetemeka.

Mtoto mmoja hakujibu. Alikuwa ameshasimama.

Kikohozi kile ndicho kilichoharibu kila kitu. Nyiramatama hana kikohozi. Kilikuwa cha Gahongayire mwenyewe, mlango mdogo aliofungua kabla ya kusema jambo lolote. Alikohoa hivyo kabla ya kuomba chumvi. Alikohoa hivyo kabla ya kumwita mtoto akaoge.

Alipokuwa amelala kitandani, nguvu zinamwisha, alimwita Yasmina kila alasiri amfundishe sauti. “Itoe chini ya kitovu,” alikuwa akimwambia. “Usiitoe puani, kikaragosi mwenyewe hana pua.” Naye Yasmina ni fundi cherehani. Aliichukua ile sauti kama anavyochukua kipimo cha mwili, yote, hata palipopinda. Hakuna aliyemwambia kwamba kikohozi aache.

Pazia likatikisika chini. Soksi iliyoshuka ikaingia kwanza, kisha goti, kisha Keza mzima.

Alimtazama Yasmina aliyepiga magoti. Akatazama nyuma ya sanduku la vikaragosi. Akatazama nyuma ya spika. Akainua kitambaa kinachofunika meza, akachungulia chini yake.

“Tanti Yasmina, mama yuko wapi?”

“Hayupo hapa, mwanangu.”

“Yuko. Nimesikia amekohoa.”

Yasmina alijaribu kumvuta karibu, Keza akarudi nyuma.

“Nipe,” Keza akasema.

“Nikupe nini?”

Keza alinyoosha mkono. Alimvua Nyiramatama kutoka kwenye mkono wa Yasmina, akasukuma mkono wake ndani, haraka, mpaka kwenye kiwiko.

Yasmina alijua mtoto anatafuta nini, na alipojua alikuwa ameshachelewa. Ulikuwa mchezo wao wawili, mama na binti. Kila onyesho lilipokwisha, Gahongayire alimwita Keza nyuma ya pazia, akautoa mkono wake ndani ya Nyiramatama, na kabla kitambaa hakijapoa Keza akaingiza wake. Waliuita kupokea moto. Hata siku walizofanya onyesho mvuani, Keza alipokea moto.

Uso wa mtoto ukafunguka kama dirisha.

“Iko moto,” akasema. “Mama ametoka sasa hivi. Ametokea mlango gani?”

Kabla mtu hajamshika, alikuwa ameshapita mlango wa nyuma, Nyiramatama mkononi, anaita uwanjani.

*

“Ushike ukumbi,” Yasmina alimwambia Keith.

“Niushike na nani? Wamebaki mbuzi na jogoo.”

“Basi mbuzi ale muhogo, jogoo ashtaki polisi. Tunga.”

Keith akavaa mbuzi mkono mmoja, ngoma katikati ya magoti, akaanza kulia kama mbuzi aliyepotelewa na mwenye nyumba. Watoto wakacheka. Ndivyo kazi ile ilivyo. Nyuma ya pazia kunaweza kuwaka moto, mbele yake watoto wanacheka.

Hawa walianza wakiwa watatu, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya gereji moja ya Gikondo. Gahongayire aliacha kufundisha chekechea. Yasmina alileta cherehani yake. Keith alileta ngoma. Jirani wa gereji aliwachomelea mabomba ya kutundikia pazia. Vichwa vya kwanza walivifinyanga kwa magazeti na gundi ya unga wa muhogo, wakavianika dirishani, na panya wakamla Nyiramatama pua. Yasmina alitaka kumtupa. Gahongayire alicheka mpaka akakaa chini. “Mwache hivyo,” alisema. “Bibi asiye na pua hawezi kujivuna.” Tangu siku hiyo watoto wa Kigali wanamjua bila pua, na kikundi kinaalikwa kwa ajili yake. Mbuzi na jogoo hakuna anayewauliza.

Uwanjani, Keza alikuwa anafungua milango ya vyoo, mmoja baada ya mwingine.

“Mama. Mama, ni mimi.”

Mwalimu wake, Madamu Athanasie, alikuwa anamfuata kwa hatua fupi, viatu vya kisigino vinazama kwenye changarawe.

“Ni wewe uliyemleta?” Yasmina akamuuliza.

“Darasa zima limealikwa. Ningemwacha peke yake?”

“Hukujua mchezo ni wa mama yake?”

“Nilijua. Nilidhani mchezo umekufa na mwenyewe.” Athanasie akashusha sauti. “Baba yake alikuja shuleni, akatuomba tusimwambie. Tumenyamaza wote. Mpaka mlinzi amenyamaza, na yule mlinzi hanyamazi.”

“Shule nzima mnamdanganya mtoto mmoja?”

“Wewe umemwambia?”

Yasmina alitoa simu. Alimpigia Manzi.

*

Manzi alifika kwa pikipiki ya abiria kutoka uwanja wa ndege, fulana ya kung'aa ya wapakia mizigo bado mwilini. Hakumsalimu mtu.

“Yuko wapi?”

“Nyuma ya tangi la maji. Kachoka kutafuta, sasa anangoja. Hataki mtu amguse.”

“Mama Twahiru, nilikuomba kitu kimoja. Yule mwanasesere mtie kwenye sanduku, ufunge.”

“Na mkeo aliniomba nisimnyamazishe. Alisema watoto watamuulizia, na wakiuliza tutajibu nini.”

“Mke wangu amekufa.”

“Mimi najua. Nenda kamwambie yule aliyekuwa anamtafuta chooni.”

Simu ya Manzi ikalia mfukoni. Aliitoa, akatazama jina, akaizima mlio.

“Mwambie mama yake atarudi Pasaka,” akasema. “Wewe anakuamini. Pasaka iko mbali, mpaka wakati huo atakuwa amezoea.”

“Atakuwa amezoea nini? Kungoja?”

“Ana miaka sita.”

“Na wewe una mingapi?”

Manzi akageukia ukuta. Ndani ya ukumbi watoto walikuwa wanampigia mbuzi makofi.

“Nilianza kumwambia,” akasema, uso bado ukutani. “Usidhani sikuanza. Mara ya kwanza alikuwa anakula. Nikasema, amalize kwanza sahani. Mara ya pili alikuwa anacheka. Kulikuwa na paka amekwama ndani ya ndoo, anacheka mpaka analia. Wewe ungemwambia? Mtoto anacheka, ungemwambia?”

Yasmina alimwangalia mgongo. Ile fulana ilikuwa na mshono umefumuka begani. Gahongayire asingeiacha itoke nyumbani hivyo.

“Ihangane, jikaze,” akamwambia, kama tunavyoambiana sote Kigali pale maneno mengine yanapokosekana. “Lakini mara ya tatu ni leo.”

Simu ikatetemeka tena. Manzi akaibana kwa kiganja.

“Pokea basi.”

“Si ya kupokea.”

*

Keza alikuwa amechuchumaa kwenye kivuli cha tangi. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya Nyiramatama, na mkono mwingine umemkumbatia juu, kama mtu anayebeba chungu cha uji.

“Baba,” akasema alipowaona, “usinitoe hapa. Nikitoa mkono itapoa, na mama bado hajarudi.”

Manzi akatazama chini.

Yasmina alipiga magoti mbele yake. Changarawe ilimuuma, akaiacha imuume.

“Kaa, mwanangu. Kaa kwanza. Maneno haya hayasikilizwi kwa kusimama.”

“Sijasimama.”

“Umechuchumaa. Umekaa tayari kukimbia. Kaa vizuri.”

Keza akakaa. Manzi naye akakaa, palepale kwenye changarawe na fulana yake ya kung'aa.

“Toa mkono.”

“Itapoa.”

“Ndiyo. Tutangoja ipoe.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu nataka ujue kitu, na mkono wako utakijua kabla yangu.”

Mtoto alimtazama baba yake. Baba akaitikia kwa kichwa. Polepole, kidole baada ya kidole, Keza akatoa mkono. Yasmina alimlaza Nyiramatama chali juu ya ukingo wa saruji wa tangi, pale palipo na ubaridi wa maji. Chali, maana Gahongayire hakuruhusu kikaragosi alazwe kifudifudi. Alisema anayelala kifudifudi hamuoni anayemjia.

Wakangoja. Bomba lilikuwa linadondosha matone. Ndani, jogoo alikuwa anamshtaki mbuzi kwa polisi, na polisi alikuwa Keith mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayedai leseni. Watoto walikuwa wanalipuka kwa kicheko. Keza hakucheka. Macho yake hayakumwacha bibi asiye na pua.

“Weka mkono sasa,” Yasmina akasema.

Keza akaweka.

“Iko baridi.”

“Haya, utoe. Sasa nitazame mimi.”

Yasmina akaingiza mkono wake mwenyewe, akakunja vidole ndani, akakaa nao humo. Halafu akautoa, akampa.

Keza akaingiza wake. Akavichezesha vidole taratibu, akipima.

“Iko moto,” akasema, lakini safari hii uso haukufunguka.

“Moto wa nani?”

“Wako.”

“Na ule wa nyuma ya pazia ulikuwa wa nani?”

Keza aliinamisha kichwa. Alianza kuvuta uzi uliotokeza kwenye shingo ya Nyiramatama.

“Wako,” akasema.

“Wangu. Na kikohozi kilikuwa changu. Nilimwiga mama yako, nikamwiga vibaya kwa sababu nilimwiga mno. Mama yako hakuwa nyuma ya pazia, Keza. Hakusafiri. Alikuwa mgonjwa, akafa, tukamzika. Hatukukuambia. Tulikosea.”

Hapo ndipo wengi wetu tunapongoja mtoto apige kelele. Keza hakupiga kelele. Aliuliza maswali, na maswali yake yalikuwa mabaya kuliko kelele.

“Amekufa Tanzania?”

“Hapana. Hapa hapa Kigali.”

“Sasa vitambaa nani ananunua?”

“Hakuna anayenunua vitambaa.”

“Nyiramatama atavaa nini?”

“Hiki hiki alichonacho.”

Keza akamgeukia baba yake.

“Baba, wewe ulisema Tanzania.”

“Nilidanganya,” Manzi akasema.

“Siku ile niliyotazama katuni?”

“Siku ile.”

“Ulivaa viatu vyeusi.”

“Ndiyo.”

“Ulisema unaenda harusi.” Akafikiri. “Nilivipaka dawa mimi. Nilivisugua mpaka nikajiona.”

Mtu hana jibu la kumpa mtoto aliyemng'arishia viatu akamzike mama yake. Manzi aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti yake mwenyewe, na mabega yakaanza kwenda juu na chini. Mshono wa begani ukafumuka zaidi.

Ndipo Keza alipolia. Alilia taratibu, bila kufuta, machozi yanapita kwenye mashavu yake na kudondoka juu ya mashavu ya Nyiramatama. Yasmina hakumwambia anyamaze. Alikuwa ameshawaambia watu wa kutosha wanyamaze, na yeye mwenyewe alikuwa ameshanyamaza kupita kiasi.

Baadaye mtoto akasema, “Usikohoe tena.”

“Sitakohoa.”

“Hata sauti. Sauti ya mama usiitoe tena.”

Fikirini mwanamke yule aliombwa nini. Sauti hiyo aliachiwa na rafiki yake kitandani, na kwa sauti hiyo kikundi kinaishi. Ikinyamaza, Nyiramatama amenyamaza. Nyiramatama akinyamaza, kwenye chumba cha Gikondo kitabaki cherehani na mbuzi.

“Sitaitoa tena,” akasema.

“Kwa mtu yeyote?”

“Kwa mtu yeyote. Nakuahidi mbele ya baba yako.”

Keza akapangusa pua kwa mkono mtupu. Kisha akautoa ule mwingine ndani ya kikaragosi, akamsogezea baba yake.

“Baba. Weka upesi.”

“Nini, mwanangu?”

“Pokea moto. Huu ni wangu.”

Mkono wa Manzi, mkono wa kubeba masanduku ya wasafiri, haukuenea mle ndani. Viliingia vidole viwili tu. Aliviacha humo, macho amefumba, mpaka joto la mtoto likaisha na likabaki lake.

*

Keith alitokea mlango wa nyuma, shati limemganda mwilini, mbuzi bado mkononi.

“Wamemaliza. Wamepiga makofi mpaka—” Akawaona. Akamvua mbuzi, akamficha mgongoni. “Anajua?”

“Anajua,” Yasmina akasema.

“Nani kamwambia?”

“Mimi. Na Nyiramatama hasemi tena, Keith. Nimeahidi.”

Keith alifungua mdomo kubishana. Alitazama soksi ya Keza iliyoshuka, akaufunga.

Simu ya Manzi ikatetemeka kwa mara nyingine. Aliitoa, akaitazama kama mtu anayetazama nyoka mlangoni.

“Baba Keza, huyo ni nani?” Yasmina akauliza. “Anakupigia tangu ulipofika.”

“Mama mkwe.”

“Bibi Mukarugwiza? Wa Karagwe?”

“Yuko Mwanza sasa. Hospitali.”

Yasmina alihesabu mambo kichwani, na hesabu haikumpendeza. Mazishini hakumwona yule mama. Alidhani ni umri na safari ndefu. Wazee wengi wa familia zilizobaki Tanzania tangu ukimbizi hushindwa kuja.

“Manzi. Niambie anajua.”

Manzi aliigeuza simu, kioo chini.

“Ya Rabi,” Yasmina akasema.

“Sikuamua mimi. Shemeji zangu waliamua, kaka zake Gahongayire. Mama ana moyo mbovu. Alikuwa anangoja kupasuliwa, wakasema habari hii itamuua kabla ya kisu. Wakasema tumwambie binti yake ana mafua, sauti imekauka, hawezi kuzungumza kwenye simu. Tumesema mafua mwezi mzima.”

“Mwezi mzima wa mafua,” Keith akasema taratibu. “Na bibi kaamini?”

“Leo ndio anapasuliwa, shemeji wamenieleza kila kitu kabla sijaja hapa. Kitanda kimeandaliwa, daktari yuko tayari. Yeye amesimama mlangoni na mkoba wake, hataki kulala. Amesema haingii mpaka asikie sauti ya Gahongayire. Amesimama tangu asubuhi.”

Simu ilinyamaza. Wote wakashusha pumzi. Ikaanza tena.

Manzi alimtazama Yasmina, na Yasmina akaelewa kabla hajaambiwa.

“Hapana,” akasema.

“Sekunde chache tu. Wewe unayo. Mtoto wa Gahongayire mwenyewe amesikia akasimama akaita mama, sembuse kizee aliye mbali, kwenye simu. Mwambie, Mama, nenda ukalale, nitakuja kukuona. Basi. Akipona tutamwambia sote, nitakwenda mimi mwenyewe kwa miguu.”

“Nimeahidi sasa hivi. Hata changarawe haijanitoka magotini.”

“Ni uhai wa mtu, Mama Twahiru.”

“Keith?”

Keith aligeuza mbuzi mikononi, hakuwa na mzaha hata mmoja. “Sijui,” akasema. “Akiingia bila kujua, labda atatoka mzima. Akijua, labda hataingia kabisa. Mimi ningeitoa hiyo sauti. Halafu nisingelala tena.”

Manzi alibonyeza, akamwekea Yasmina simu mkononi. Sauti ya kizee ikatoka, nyembamba, ya karibu mno.

“Gaho? Gaho, mwanangu, ni wewe? Wananiambia nilale. Mimi silali. Niitikie tu.”

Yasmina aliiinua simu mdomoni. Koo lake likamsaliti. Lenyewe, bila kuamriwa, lilimeza pumzi, likajiandaa kwa kile kikohozi kidogo, mlango ule ule.

Akamtazama Keza.

Keza alikuwa anamtazama yeye. Hakuwa analia tena. Alikuwa amesimama, Nyiramatama kwenye mkono wake wa kulia, na wa kushoto ameunyoosha, kiganja juu, kama anavyonyoosha anayedai kilicho chake.

“Tanti,” akasema, “umeahidi.”

“Keza, njoo hapa,” Manzi akasema. “Hayo ni ya wakubwa.”

“Gaho?” ilisema simu. “Mbona husemi?”

Mkono wa Yasmina ukashuka wenyewe, na simu ikaingia kwenye kiganja kidogo kilichokuwa kinaingoja. Manzi aliinuka kuichukua. Keith akamshika bega, pale pale kwenye mshono uliofumuka, na Manzi akakwama papo hapo.

“Bibi? Ni mimi, Keza.”

Walisikia furaha ya yule mama mpaka upande huu. Alimwita mume wangu mdogo, kama mabibi wa Karagwe wanavyowatania wajukuu hata wa kike. Akauliza kama amekula. Kisha akauliza lile alilosimama tangu asubuhi kuliuliza.

Keza alimsogeza Nyiramatama kifuani, bibi asiye na pua, mdomo umefungwa.

“Hapana, Bibi, mama hawezi kuja kwenye simu.” Akasikiliza. “Hapana, si mafua.” Akasikiliza tena, kisha akamtazama Yasmina, akavuta pumzi, na hakukohoa.

“Bibi, bado umesimama? Kaa. Kaa kwanza. Maneno haya hayasikilizwi kwa kusimama.”